Kompyuta Kuukuu na Siri Zake

Muhula uliopita shule yetu ilipata kompyuta mpya 20, na zile kuukuu 12 zikarundikwa katika stoo iliyo karibu na karakana. Nane zilitoka chumba cha kompyuta na nne zilitoka ofisini. Shule ilikuwa imekwisha pata kibali cha kuziuza kwa kilo kama vyuma chakavu. Basi mimi, niliye mwenyekiti wa klabu ya kompyuta, nilipewa kazi ya kuzifungua pamoja na wenzangu na kutenga bati, waya na vinginevyo. Mnunuzi angekuja Jumamosi.

Kusema kweli niliifurahia sana kazi hiyo, maana bisibisi nayo ni mwalimu. Ijumaa jioni, wenzangu walipokwenda kula, nilibaki peke yangu. Nikachukua diski moja, yaani kile kisanduku cha chuma ambamo kompyuta hutunza kazi zote, nikaiunganisha na mashine mpya nione kama ingali nzima. Ilikuwa nzima, tena imejaa barua za ofisi.

Barua ya kwanza niliyoifungua ilinihusu mimi mwenyewe. Ilikuwa barua ya onyo aliyoandikiwa baba yangu nilipokuwa kidato cha pili, kwa kosa la kutoroka bwenini usiku. Baba hakupata kunitajia barua hiyo hata siku moja. Hapo ilinipasa kuzima mashine, lakini sikuzima. Nilifungua nyingine mbili, na moja ilimhusu mwenzangu, nayo ilieleza jambo ambalo hajapata kumwambia mtu. Nilikwenda kulala bila kula. Nilijiona kama mwizi, ingawa sikubeba kitu.

Asubuhi, kabla ya mnunuzi kufika, nilimwendea mwalimu nikakiri. Alinikaripia kwa haki, kisha akanyamaza kidogo, akasema, "Kama wewe umeziona, mnunuzi naye angeziona." Mnunuzi akaombwa arudi baada ya wiki mbili.

Mwalimu alichukua diski nyingine ambayo sote tulidhani imekwisha futwa, na kwa programu ndogo akayarudisha mafaili mengi mbele ya macho yetu. Alitueleza kuwa kufuta faili kwa kawaida ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Msomaji haoni tena sura iko wapi, lakini kurasa zenyewe zipo, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Dawa yake ni kuandika sifuri juu ya diski nzima, tangu mwanzo hadi mwisho. Kila diski ilichukua saa kadhaa. Mbili zilikataa kuwaka, nazo tulizitoboa kwa keekee mpaka visahani vya ndani vikapasuliwa.

Kwa kuwa tulikuwa na nafasi, tulivitazama na vifaa vingine. Vijiti vya memori vya zamani havikuingia katika mashine mpya, kwa sababu pengo lake limekatwa mahali pengine. Lakini vilifaa katika zile kuukuu. Kwa kutoa huku na kutia kule tulipata mashine nne zinazofanya kazi, na sasa kidato cha kwanza wanajifunzia kupiga chapa. Moja tumeiacha wazi kwa ajili ya masomo. Waya hatukuzichoma ili kupata shaba, kama wafanyavyo wengine, maana moshi wa plastiki ile ni sumu. Bodi na betri zimewekwa katika sanduku mpaka zichukuliwe na wenye kibali cha kazi hiyo, kwa kuwa bodi nyingi za zamani zina risasi, nayo haifai kutupwa shimoni karibu na maji. Yaliyobaki ni bati tupu, na hayo ndiyo aliyopimiwa mnunuzi.

Nawaomba wazazi na wanafunzi wenzangu: kabla ya kuuza au kugawa kompyuta au simu kuukuu, fikirini kwanza imebeba nini, na habari za nani. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mtungi ukiuzwa pamoja na kata yake, siri nayo imeuzwa.

Kabla ya kumpa Mhariri karatasi hii nilimwendea yule mwenzangu nikamweleza niliyoyafanya. Alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza, "Umemwambia nani?" Nikamjibu, "Sijamwambia mtu." Akasema, "Basi yaishie hapo." Akaniruhusu kuandika, mradi nisitaje jina lake wala jambo lenyewe. Juzi alikuja kunisaidia kufunga mashine ya nne.