NILIFUNGA SIKU SABA NIPATE MUME, BIBI AKANIULIZA NIMEFUNGA NINI

Mpenzi msomaji, leo naomba usinicheke. Au cheka, lakini ukimaliza unisikilize mpaka mwisho.

Mwaka 2025 nilitimiza miaka 31. Kwa binti wa mjini umri huo si kitu, lakini jaribu kwenda nao kwenye harusi za watu uone. Kila shangazi anakuuliza, "Na wewe lini?" utadhani mume anauzwa Kariakoo na mimi nimesahau tu kwenda kumnunua. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mdogo wangu, yule niliyembeba mgongoni, aliolewa mwaka 2022 akaniacha nyuma. Harusi yake sikwenda. Nilisema bosi kaninyima ruhusa. Uongo mtupu! Ruhusa yenyewe sikuomba.

Basi bwana, mwezi Machi shoga yangu mmoja wa Sinza akanipasha habari za kikundi cha maombi kinachokutana nyumbani kwa mtu. Eti dada mmoja alifunga pale siku saba kavu, haikupita miezi mitatu akavishwa pete. Kama hujui, kufunga kavu ni bila chakula wala tone la maji, mchana na usiku. "Mungu akiona umejitesa hivyo, lazima ajibu," shoga akaniambia. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikajiandikisha.

Siku ya kwanza nilikuwa shujaa. Nikaweka kwenye WhatsApp picha ya Biblia na maneno, "Siku ya kwanza kati ya saba, Mungu ni mwema." Ofisini kila mtu akajua. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na wenzangu Waislamu nao walikuwa wamefunga, wala hakuna aliyekuwa akitangaza. Mimi nikawatania, "Ninyi jioni mnafuturu, sisi hatufuturu!" Walitabasamu tu. Leo nikikumbuka natafuta pa kuficha uso.

Siku ya pili kichwa kikaanza kugonga. Siku ya tatu midomo ikapasuka na tumbo likawaka moto. Siku ya nne nikiwa nimesimama kwenye daladala, tulipofika Manzese nikaona giza. Nilipofumbua macho nilikuwa nimelazwa na dripu mkononi. Daktari akanieleza kwamba nina vidonda vya tumbo, na kwamba mwili ukikosa maji kwa siku kadhaa figo zinaweza kugoma kabisa. Kisha akaniuliza taratibu, "Dada, ulikuwa unamkomoa nani?"

Sikuwa na jibu. Nikachukua likizo, nikapanda basi kwenda nyumbani Nyaishozi.

Kama hujawahi kufika, Nyaishozi iko Karagwe, mkoani Kagera, kule kwenye vilima na migomba. Ukitokea Dar unapita Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo mpaka kiuno kinasahau kazi yake. Wazazi wetu walishatangulia mbele ya haki. Aliyetulea ni Bibi, mama yake baba, ambaye sasa amevuka miaka 80 na bado anapalilia maharage yake mwenyewe.

Nilifika Kwaresima ikiwa katikati. Mwaka ule Jumatano ya Majivu iliangukia Machi 5 na Pasaka Aprili 20. Ukihesabu siku kutoka Majivu hadi Jumamosi Kuu unapata 46. Toa Jumapili sita, ambazo hazifungwi kwa sababu kila Jumapili ni kumbukumbu ya ufufuko, zinabaki 40 kamili, kama siku alizofunga Yesu jangwani. Mimi mtoto wa Kanisa tangu utotoni, hesabu hiyo nilifundishwa na Bibi jikoni wiki ile ile!

Ijumaa ya kwanza nikaona mambo. Asubuhi Bibi alikunywa uji, akameza dawa zake za presha, akaenda shambani. Mchana hakula. Alichofanya ni kuchukua kikombe cha bati, akachota maharage gunia la jikoni, akayamimina kwenye kikapu kilichofunikwa kwa kanga. Jioni tukala ndizi na maharage kama kawaida.

Nikamwambia, "Bibi, wewe sheria ya kufunga haikuhusu." Nilishasoma kwenye simu. Kwa Wakatoliki, Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamtaka afunge mtu aliyetimiza miaka 18, na wajibu huo unakoma akianza mwaka wa 60. Tena siku za lazima ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na siku hizo unaruhusiwa mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo. Mgonjwa hadaiwi. Mjamzito na anayenyonyesha hawadaiwi.

"Najua," akasema. "Padri aliniambia zamani. Mimi sifungi kwa sababu nadaiwa."

"Sasa unafunga nini?"

"Nafunga chakula cha mchana cha Ijumaa. Kikombe ambacho ningekula kinaingia kwenye kikapu. Kikapu kikijaa kina mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa mzee mmoja jirani anayeishi peke yake. Jioni ile Bibi akanitwika kikapu nikipeleke. Nilipoelekea barabarani akaniita. "Pitia migombani."

"Huku si mbali zaidi, Bibi?"

"Ndiyo. Lakini huko hakuna mtu."

Nikapita migombani, umande unanilowesha magoti, nikamkuta mzee amekaa mlangoni. Alipokea bila maneno mengi, kama mtu aliyezoea. Nilipokuwa narudi nikakumbuka ile picha yangu ya WhatsApp. Watu 212 waliiona. Yesu alishaonya, iko kwenye Mathayo sura ya sita, kwamba ukifunga unawe uso na ujipake mafuta, watu wasijue. Bibi yeye hata kikapu anakipitisha kwa mlango wa nyuma.

Usiku ule, tumekaa jikoni, nikamsimulia yote. Siku saba, Manzese, dripu, mume. Bibi alicheka sana aliposikia habari ya mume, kisha akanyamaza.

"Kwa hiyo ulikuwa unamgomea Mungu," akasema.

"Nilikuwa naomba, Bibi."

"Mtoto akitaka kitu akakataa kula mpaka apewe, sisi tunasema amesusa."

Msomaji, pale nilishikwa pabaya. Maana ndivyo wengi wetu wa mjini tunavyofunga siku hizi. Tunafunga tupate visa, tupate kazi, tupate mchumba, adui aanguke. Tunamfanyia Mungu kama wafanyakazi wanavyomfanyia mwajiri. Ipo mahali inapoishia safari hiyo ukimpata kiongozi mbaya. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wakiwamo. Waendesha mashitaka walisema waumini walishawishiwa wafunge mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Mhubiri wao alishitakiwa, akakana mashitaka. Najua mimi sikuwa Shakahola, lakini yule aliyeniambia Mungu anapenda nijitese alinionyesha njia ya kuelekea huko.

Kufunga kwenyewe si kubaya. Ni kwa zamani kuliko makanisa yetu yote. Wakristo wa mwanzo kabisa walifunga Jumatano na Ijumaa. Waorthodoksi wa Ethiopia wanafunga zaidi ya siku 180 kwa mwaka, wanaacha nyama, maziwa na mayai, na maisha yanaendelea. Majirani zetu wa KKKT, ambao wana dayosisi yao hapa hapa Karagwe, hawawekewi sheria ya kufunga, anayefunga anafunga kwa hiari, na Luther mwenyewe aliandika kwamba ni mazoezi mazuri ya mwili kabla ya kupokea Meza ya Bwana. Nami naelewa sasa mazoezi yenyewe ni ya nini. Tumbo limezoea kuwa bosi, likiita tunakimbia. Ukiliambia "subiri" hata mara moja kwa wiki, unapata nafasi ya kusikia vitu vingine vinavyoita. Na ukiwa na njaa kidogo ndipo unamkumbuka mwenye njaa ya kila siku.

Ijumaa iliyofuata daktari angenikataza kufunga, kwa hiyo nilikunywa uji kama Bibi, nikaacha soda na kitafunwa cha mchana. Ndiyo mfungo wangu. Jioni Bibi akanipa Biblia. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo. "Nisomee Isaya, sura ya 58."

Nikasoma. Watu wanamlalamikia Mungu kwamba mbona wanafunga na yeye haangalii. Anajibiwa kwamba siku yenyewe ya kufunga wanagombana na kuwaonea vibarua wao. Kisha nabii anataja mfungo unaotakiwa, kumgawia mwenye njaa chakula, kumkaribisha asiye na makazi, kumvika aliye uchi. Nikaendelea mpaka mwisho wa mstari wa saba, panaposema habari ya mtu kujificha asionane na ndugu zake wa damu.

Sauti ikanikwama.

Bibi hakuniangalia. Alikuwa anachochea moto. "Umefunga nini, mjukuu wangu?"

"Chakula, Bibi."

"Chakula utakirudia kesho. Mtoto wa mdogo wako ana miaka miwili, hujamwona. Ni mwendo wa bodaboda. Miaka mitatu umeshikilia kitu mkononi, hicho mbona hukiachi?"

Sikulala vizuri. Nilijiambia mengi. Kwamba alinichekea siku alipovishwa pete. Kwamba angenisubiri. Lakini usiku wa Nyaishozi ni mrefu na kimya, huwezi kujidanganya mpaka asubuhi. Ukweli ni kwamba mdogo wangu hakunikosea lolote. Alipendwa kabla yangu, basi.

Kesho yake nikapanda bodaboda mpaka Omurushaka. Alinifungulia mlango mwenyewe. Tukatazamana. Nyuma ya sketi yake kuna kichwa kidogo kinachungulia.

Nikasema pale pale mlangoni, kabla sijaogopa. "Mdogo wangu, ile ruhusa sikunyimwa. Sikuomba. Nilikuwa na wivu."

Akasema, "Najua, dada. Siku ile nilipiga simu ofisini kwenu. Wakaniambia uko, unakula chakula cha mchana."

Miaka mitatu yote alikuwa anajua! Na kila Krismasi alikuwa akinitumia salamu, na mimi nikijibu neno moja.

Akaniingiza ndani. Ukutani kuna picha kubwa ya harusi. Ubavuni kwa bibi harusi, mahali pa dada, amesimama binti wa jirani kashika maua. Niliitazama sana ile picha. Mdogo wangu akasema, bila hasira, "Siku ile haitarudi." Sikubisha. Kuna deni ambalo hata ukifunga siku 40 halilipiki, unaishi nalo tu kwa heshima.

Kisha akamvuta mtoto mbele. "Msalimie mama mkubwa."

Mtoto akasema shikamoo kwa sauti ambayo hata panya asingeisikia. Mimi nikageuka dirishani nikijifanya naangalia migomba.

Tulipika pamoja. Ndizi, maharage na mchicha, tukala sinia moja. Mambo mengine hatukuyagusa, maana mazungumzo ya miaka mitatu hayamaliziki kwenye sinia moja. Niliondoka jua likizama, na mtoto akakubali kunipungia mkono.

Nyumbani Bibi alikuwa anapepeta maharage. Aliniangalia machoni, akarudi kwenye ungo wake. Wala hakuniuliza.

Sasa msomaji, sikwambii usifunge. Funga. Kama una vidonda, kisukari, mimba au unanyonyesha, muulize daktari kwanza, na wala Kanisa halikulazimishi. Anayekukataza maji mkimbie. Ukifunga, kile ulichoacha kula kimfikie mtu, maana kisipomfikia umebana matumizi tu. Na kabla hujaanza, jiulize lile swali la Bibi, ukae nalo usiku mmoja bila simu.

Ile picha ya WhatsApp ilishajifuta yenyewe zamani. Kikapu cha Nyaishozi bado kinajazwa kila Ijumaa ya Kwaresima, na siku hizi natuma pesa ya kikombe changu kwa simu, Bibi anaigeuza kuwa maharage. Mdogo wangu naye tunaongea, si kila siku, lakini tunaongea.

Na mume? Bado. Ukimwona popote mwambie niko hapa hapa, nina afya, nimekula, na nakunywa maji.

Tukutane wiki ijayo.