Maoni ya Wenye Mannlicher

Kazi yangu ni ukarani wa Serikali, na miongoni mwa karatasi zinazopita mezani pangu ni vyeti vya watu wenye ruhusa ya kuweka bunduki. Mtu anayengojea muhuri hupenda kuzungumza, na kwa njia hiyo nimesikia mengi juu ya bunduki moja ya kuwindia isiyotengenezwa tena, nayo ni Mannlicher-Schönauer.

Bunduki hiyo ilitoka mji wa Steyr, katika nchi ya Austria. Ile iliyojulikana zaidi ilianza mwaka 1903. Risasi yake ni nyembamba, milimita 6.5 tu, lakini ni ndefu, na huzama sana mwilini mwa mnyama. Jeshi la Wagiriki lilikwenda nayo vitani, na wawindaji wa Afrika ya Mashariki waliipenda kwa wepesi wake. Hata W. D. M. Bell, yule Mskoti aliyewinda ndovu Karamoja, aliwahi kuitumia. Kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 1972.

Wenyewe huisifu kwanza kwa bolti yake. Mzee mmoja wa Kizungu, mzaliwa wa nchi hii, aliniambia, "Bwana Karani, ukiivuta huteleza kana kwamba imepakwa samli." Mkono wa bolti ni bapa kama mpini wa kijiko. Na risasi zake 5 hazikulaliana ndani, bali zimepangwa kuzunguka kigurudumu, kikageuka kidogo kila bolti ifanyapo kazi na kuleta risasi nyingine. Mzee yule alinieleza jambo hili mara tatu, nami sikumkatiza.

Wengine hunung'unika. Mama mmoja mjane alisema kwamba kigurudumu hicho kilichongwa kwa risasi ya namna moja tu, na risasi hizo zimekuwa adimu. Bwana mwingine alilalamika kwamba ni shida kuifunga darubini, maana mkono wa bolti hupita katika ufa uliokatwa juu yake. Alipokuwa kijana hakuhitaji darubini, bali macho nayo huzeeka. Hata hivyo uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya mwaka 1977, basi sifa na malalamiko yote ni ya bunduki zilizofungiwa kabatini.

Nilipomsimulia babu yangu habari hizi huko Ukambani, alicheka. Yeye alikuwa mbeba bunduki wa mwindaji mmoja kabla ya marufuku ile. "Hao wanaisifu toka kwenye kitako," alisema. "Waulize waliofuata damu."

Akanieleza kwamba kwa mtu wa kuibeba toka alfajiri hata jua kutua, hakuna bunduki njema kuliko ile. Risasi ikifika moyoni au ubongoni, mnyama huanguka. Lakini mwenye bunduki akikosea kidogo, mnyama huingia kichakani na maumivu yake, na anayetangulia kumfuata ni mwenye kusoma nyayo, naye hana silaha ila panga. Siku moja nyati aliyejeruhiwa alimrukia babu na kumpasua paja. Bwana wake alikuwa nyuma, akapiga tena, nyati akafa. "Bunduki ile ile iliniponza, na ile ile ikaniponya," alisema. Nikamwuliza kama angalipenda kuwa nayo yake mwenyewe. Akasema kwamba katika miaka yote ile hakuna mtu aliyemwuliza neno hilo, wala hakunijibu.

Baadaye babu alikuja mjini kutibiwa macho, akaningojea kwenye benchi la ofisini. Kwa bahati siku hiyo yule mzee wa Kizungu alileta Mannlicher yake kuisalimisha, kwa kuwa watoto wake wako ng'ambo na hawaitaki. Afisa aliikagua na kuthibitisha kwamba haina risasi. Nikamwomba ruhusa, naye akakubali babu aishike.

Babu hakuitazama, maana haoni vizuri. Aliifungua bolti kwa vidole, akakipapasa kigurudumu, akakisukuma kidogo. "Mzee, umeitunza," akasema.

Yule mzee akamwuliza habari ya mguu anaoukokota. Wakaketi pamoja, babu ameipakata bunduki, wakazungumza juu ya nyati hata saa saba, nami nikaendelea kujaza fomu kwa nakala tatu.