Shemasi Aliyetaga Mayai



Jumapili moja, baada ya Misa ya pili, kijana wa shirika letu alitungoja mlangoni mwa kanisa, akatuuliza kwa sauti ya chini: «Mwalimu, kasuku kama yule wenu hupatikana kwa dola ngapi? Mimi na mwenzangu twataka kununua wawili, jike na dume, watage, tuuze makinda, tulipe minervali.» Tulimwambia aje nyumbani Jumanne. Alipofika hatukumtajia bei. Tulimwonyesha mguu wa kushoto wa ndege wetu, kisha tukamsimulia habari hii. Kwa kuwa tumesikia kwamba si yeye peke yake mwenye wazo hilo, tunaiandika hapa.

Kasuku wetu ni wa kijivu mwenye mkia mwekundu, mmoja wa wale wakaao misitu ya Maniema na ya bonde lote la Kongo. Tulimnunua mwaka 2006 kwa msafiri aliyepita Kadutu na kikapu kilichofunikwa majani. Hatukumwuliza wangapi walikuwamo kikapuni alipoanza safari. Ndege huyo alisimama wima kama mtu aliyevaa kanzu, tena alizoea kuitikia «Amina» kabla sala haijafika mwisho, tukamwita Shemasi. Katika jamii hii jike na dume hufanana kwa macho, nasi hatukushuku neno. Kwa miaka 12 alikuwa mwanamume wa pili wa nyumba yetu.

Mwaka 2018 Shemasi alitaga yai.

Majirani walicheka wiki nzima, nasi tulicheka pamoja nao. Kisha tukafanya la kipumbavu: tulilichukua yai lile tukaenda nalo darasani, kwa wanafunzi wetu wa ualimu, liwe kifaa cha somo la kutazama. Baada ya siku tatu lilikuja la pili. Hilo nalo tukaliondoa. Likaja la tatu, la nne, hadi saba. Tuliona ni baraka. Hatukujua kwamba ndege wa namna hii hutaga matatu au manne kisha hutulia kuyalalia, na kwamba anayenyang'anywa mayai huendelea kutaga ili kuziba pengo. Kila yai tulilolibeba kwenda darasani lilimdai jingine.

Wala hakuhitaji dume. Jike hutaga mwili wake unapoambiwa kwamba majira yamefika, hata kama yai halina kiumbe ndani yake. Na sisi ndio tuliokuwa tukimwambia hivyo, bila kujua. Taa yetu, siku umeme ulipokuwapo, iliwaka mpaka saa tano za usiku, naye akahesabu siku kuwa ndefu. Tulimpapasa mgongo kila jioni. Kwa ndege, kupapaswa mgongo ni jambo la mwenzi wake, kichwa pekee ndicho kinachotosha kwa urafiki. Tulimlisha kwa midomo yetu, nalo hilo ndilo dume humfanyia jike. Tena tulimwachia sanduku la giza chini ya kabati, ambalo kwake lilikuwa tundu la mti. Nyumba nzima ilikuwa inamposa.

Mzigo huo ulihitaji chakula cha namna nyingine. Ganda la yai karibu lote ni chokaa, ile kalisi inayojenga mifupa yetu. Jike asipoipata chakulani huitoa katika mifupa yake mwenyewe, nayo hugeuka miepesi na kuvunjika upesi. Kasuku wa kijivu hupungukiwa na kalisi kuliko kasuku wengine wengi, hata huweza kushikwa na degedege na kuanguka. Shemasi alikula alizeti, karanga na kipande cha ugali, vyakula vyenye kalisi kidogo sana. Na kwa kuwa tuliogopa wezi, tulimweka ndani mwaka mzima, nyuma ya dirisha la kioo. Kumbe jua lipitalo kwenye kioo huacha nje ile nguvu inayousaidia mwili kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo hata kalisi iliyoliwa hupita bure.

Mwaka uliofuata, usiku mmoja wa mvua, tulimkuta sakafuni mwa kizimba. Manyoya yalikuwa yamefura, macho yamefumbwa nusu, mkia ukipanda na kushuka kwa kila pumzi, miguu imetanuka. Tulisema amevimbiwa. Mama wa nyumba yetu alichuchumaa, akamtazama kwa muda, akasema: «Baba Amani, huyu ana uchungu. Yai limekwama.» Tulimjibu kwamba alale, asubuhi tutaona. Sisi tuliotumia zaidi ya miaka 25 kuwafundisha walimu kwamba anayetazama vizuri ndiye wa kusikilizwa, tulimjibu hivyo.

Hakulala. Alizifunga chupa za maji ya moto katika vitenge, akamlaza ndege kati yake, akaweka sufuria ya maji yanayofuka mvuke kando. Saa kumi alfajiri alitusukuma twende kumwita daktari wa mifugo, mtu aliyezoea nguruwe na ng'ombe. Alipofika tulikuwa tumeshika tumbo la ndege tukitaka kulikamua yai. Alitupiga kofi mkononi, ndiyo, kofi la kweli, mbele ya watoto. Yai likipasuka ndani, alisema, vipande vitamkata, na uchafu wa kiini utamletea uvimbe wa tumbo ambao ndege wachache huupona. Likikaa, hukandamiza mishipa ya miguu na kuziba njia ya choo, na ndege huweza kufa kwa siku moja au mbili. Msuli unaolisukuma yai nao huhitaji kalisi ili ukaze. Aliyekwisha kalisi husukuma bila nguvu. Alimpa sindano ya kalisi, akamrudisha kwenye joto, akatuamuru tukae mbali.

Yai lilitoka baada ya saa mbili, laini kama karatasi iliyolowa. Shemasi alipona, lakini mguu wa kushoto haukurudi. Siku hizi husimama kwenye kijiti cha chini kilichozungushiwa kitambaa.

Mama Amani hakutukumbusha neno lake hata mara moja. Afadhali angetukumbusha.

Tangu hapo kizimba hufunikwa saa kumi na mbili za jioni. Kabati limeondolewa. Anapata lengalenga, maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa na kusagwa, na matunda ya mchikichi, ambayo wenzake huyafuata msituni. Kila asubuhi huota jua barazani, nasi tukiwa kando yake na kitabu.

Kijana wetu alisikiliza yote, kisha akauliza swali la haki: kama angejua hayo tangu mwanzo, je, biashara yake isingewezekana? Tulimjibu kwamba mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg yakapiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa msituni, na mwaka uleule wakahesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Aende Lwiro, kwenye kituo kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe na nyani walionyang'anywa wawindaji. Huko hupokewa pia kasuku waliokamatwa mikononi mwa walanguzi. Atazame mabawa yao yaliyokatwa. Makinda ambayo angeyauza yangeanzia kwenye kikapu kama kile tulichokinunulia sisi, na hilo hatuwezi kulifuta. Alinyamaza. Hatujui kama tulimridhisha. Minervali yake bado haijalipwa, nasi hatukuwa na dola za kumpa.

Mwaka huu Shemasi alitaga mawili tu. Hatukuyagusa. Aliyalalia, akainuka kula tu, akamng'ata kila aliyekaribia, mimi na Mama Amani pia. Siku ya 29 alitoka mwenyewe, akayapa mgongo, akaitikia «Amina» ambayo hakuna aliyeiomba, akadai karanga.