Jicho la Mama Maria

Leo ninaandika juu ya kosa langu mwenyewe, ili mwenzangu asilirudie.

Katika kanisa letu hapa Kolwezi iko picha ya Bikira Maria, ya rangi ya mafuta, waliyotuachia mapadri wa zamani. Moshi wa mishumaa na vumbi la migodi viliifunika hata uso ukawa kama umepakwa masizi. Ilipokaribia sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, nilisema moyoni: Je, Mama akae mchafu siku yake? Nikatwaa maji, sabuni na kitambaa, nikasugua. Kitambaa kilitoka cheusi, nikafurahi. Nikasugua tena, kikatoka na rangi. Kutazama, jicho moja la Mama halipo!

Baadaye nilijifunza. Rangi hiyo huchanganywa na mafuta ya mbegu za kitani. Hayakauki kama maji, bali hupokea hewa na kugeuka ngozi ngumu. Ngozi hiyo ikizeeka hupata nyufa; maji hupenya, sabuni huila, nayo hubanduka. Ndiyo maana fundi wa kweli huanza pembeni, kwa pamba kidogo juu ya kijiti. Akikuta pengo hujaza pengo tu, tena kwa rangi inayoweza kuondolewa bila kuumiza ile ya kale.

Vijana walinishauri: “Mwalimu, tumwite mchoraji wa vibao apake uso mpya. Nani atajua?” Nikakumbuka habari ya Gent, kule Ubelgiji. Iko picha ya Mwana-Kondoo wa Mungu, ya ndugu wawili Van Eyck, iliyomalizika mwaka 1432. Katika karne ya 16 watu waliupaka upya uso wa Mwana-Kondoo. Mafundi walioanza kazi mwaka 2012 waliondoa rangi ile, wakaukuta uso wa kwanza. Zaidi ya miaka 400 wakristu walikuwa wakitazama uso mwingine.

Basi nilikataa. Jumapili nikasimama mbele ya wote, nikakiri kosa. Mama mmoja mzee, aliyezoea kusali rozari pale, akaniambia: “Mwalimu, mimi pia jicho moja halioni. Usimpake jicho la mtu mwingine.”

Sasa picha iko mbali na mishumaa, nasi hatuugusi uso wake mpaka tumpate fundi. Ndugu zangu, asiyejua kutengeneza, na ajue kutunza.