Jibu Lisitangulie

Mjukuu wangu mpenzi,

Barua yako imefika na tumeisoma sote hapa sebuleni. Unasema umepewa fizikia na kemia, kidato cha kwanza na cha pili, darasa moja lina wanafunzi zaidi ya 80, na maabara yenyewe ni chumba chenye meza na kabati la chupa tupu. Unaniuliza utafundishaje. Nitakujibu kama mwalimu mwenzako, maana sasa sisi ni watu wa kazi moja.

Kabati hilo lisikuvunje moyo. Vifaa vina umuhimu wake, na usichoke kumkumbusha mkuu wa shule. Lakini somo la sayansi huharibika zaidi pale jibu linapotangulia swali. Mwalimu anaingia, anaandika maana ya asidi ubaoni, wanafunzi wananakili, na zikibaki dakika tano anawaonyesha jaribio ambalo matokeo yake wameshayaandika. Nani atakazia macho kitu anachokijua tayari? Wewe anza na jaribio. Waambie unachotaka kufanya, kila mmoja aandike kwenye daftari anadhani kitatokea nini na kwa sababu gani, ndipo ufanye. Mtoto aliyekwisha kuandika neno lake hasinzii. Anataka kujua kama amepata au amekosa.

Nikupe jaribio ninalolipenda kuliko yote. Simamisha mshumaa kwenye sahani yenye maji, uwashe, uufunike kwa glasi. Mshumaa utazimika na maji yatapanda ndani ya glasi. Vitabu vingi vinasema maji yamechukua nafasi ya oksijeni iliyoungua, na kwa kuwa oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa, maji yakipanda karibu kiasi hicho maelezo hayo huonekana yametimia. Usiyapokee upesi. Waambie watazame maji yanapanda wakati gani: moto ukiwaka yanapanda kidogo tu, ukizimika ndiyo yanapanda kwa kasi. Kisha rudia kwa mishumaa mitatu, glasi ile ile. Maji yatapanda zaidi. Je, oksijeni ndani ya glasi imeongezeka? Hapo watabishana kwelikweli, na wewe nyamaza. Warudishe kwenye jaribio mara ya tatu, safari hii wakodolee macho ukingo wa glasi unapoishusha. Kuna atakayeona mapovu yakitoka. Moto uliipasha hewa, ikatanuka, nyingine ikatoroka. Ulipozimika, hewa iliyobaki ikapoa na kusinyaa, na hewa ya nje ikayasukuma maji ndani. Wanafunzi wakifika hapo kwa miguu yao wenyewe, wamejifunza mgandamizo wa hewa, na wamejifunza pia kwamba maelezo ya kitabu hupimwa.

Kwa kemia, nenda sokoni. Rosela kavu ukiiloweka kwenye maji ya moto inakupa kipimo cha asidi na besi. Gawa maji yake kwenye vikombe. Tia limau kimoja, yatazidi kuwa mekundu. Tia magadi kingine, yatageuka kuelekea kijani. Halafu walete wenyewe siki, maji ya majivu, maji ya sabuni, na kabla ya kutia waseme kila kimoja kitaangukia upande gani. Mtu asionje kitu. Na asidi ya betri, ambayo walimu wengi huikimbilia kwa kuwa ni rahisi kupatikana, ishike wewe peke yako, macho yakiwa yamekingwa; ukiipunguza makali, mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi, kwani huchemka na kuruka.

Wingi wa wanafunzi ni mzigo kweli, sitakudanganya. Wagawe watano watano, kila kundi na vikombe vyake, na kazi ya kuandika izunguke, la sivyo utakuta wavulana wawili wanafanya na wengine wanatazama migongo yao. Ukiuliza swali, subiri. Mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alipima jambo hili katika miaka ya 1970, akakuta walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na yenye sababu, na wanafunzi waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Na wakibishana waache wabishane kwa Kiswahili. Kiingereza cha mtihani wafundishe baadaye, wakishakuwa na la kusema.

Unamjua Erasto Mpemba? Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, Shule ya Sekondari Magamba. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Yeye, kwa kuchelea kukosa nafasi kwenye friji, akaweka maziwa yake yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha huko Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza nao. Wenzake wakamcheka, lakini Osborne aliporudi Dar alilifanyia majaribio, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama jambo hilo hutokea kweli na kwa nini, na duniani kote linaitwa kwa jina la Mpemba.

Katika hao wako zaidi ya 80 yupo mwenye swali la namna hiyo, na huenda akaliuliza siku ambayo umechoka na mada iko nyuma ya azimio la kazi. Usimcheke, wala usiruhusu darasa limcheke. Kama hujui jibu, mwambie mtafute pamoja, na mtafute kweli.

Anza na mshumaa wiki hii. Ujaribu kwanza nyumbani, kisha uniandikie wanafunzi walikisia nini, hasa wale waliokosa, na sababu walizotoa.

Babu yako