Ndia Kuu kwa Hatua za Goti Jipya

Mgeni anayetaka kuujua Mji wa Kale wa Mombasa hushauriwa autembee kwa miguu, kwa maana vichochoro vyake vingi havipitiki kwa gari. Mimi nilizaliwa humo na nikadhani naujua. Lakini, msomaji mpendwa, nilikuja kugundua kwamba sikuujua hata kidogo, hadi nilipoupita kwa mwendo wa kobe nikiwa nyuma ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 71 na goti moja jipya.

Nilifika kutoka Nairobi siku ya tano baada ya upasuaji wake. Nilipanda treni Syokimau, nikashuka Miritini, kisha nikachukua matatu hadi mjini na tuktuk hadi mwanzo wa Ndia Kuu. "Ndia" ndiyo "njia" kwa Kimvita, na barabara hii ndiyo uti wa mgongo wa mtaa wetu. Nyumba yetu imo katika kichochoro kinachochepuka kutoka hapo. Nje ina baraza ya mawe, na ndani mna ngazi ya vipandio 14, mwinuko wake kama wa mnazi, inayoelekea chumba cha mama orofani.

Ngazi hiyo ndiyo iliyonileta. Ndugu zangu walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba iwapo mama hangeweza kuipanda baada ya wiki sita, nyumba ingepangishwa naye ahamie Nairobi kwa dada yangu mkubwa, anayeishi katika nyumba isiyo na ngazi. Mama aliwasikiliza hadi mwisho, akajibu neno moja tu: "Sihami."

Nilimkuta amelala sebuleni, goti limevimba, mto umewekwa chini yake.

"Shikamoo, Mama. Waumwa?"

"Marahaba, mwanangu. Siumwi, alhamdulillahi."

Mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye aliyekuwa akimuuguza, alinikonyeza. Jikoni alinieleza kwamba mama hakuwa amelala usiku kucha, na kwamba tembe alizopewa zilikuwa karibu zote zingali katika pakiti zake. Alikuwa akimeza moja tu pale maumivu yanapomzidi nguvu, kwa kuamini kwamba dawa huharibu figo, na kwamba mwanamke aliyezaa watoto watano hawezi kushindwa na goti. Kwa kuwa aliumwa, hakutaka kulikunja goti, na kwa kuwa hakulikunja, lilizidi kukakamaa. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua.

Asubuhi alikuja mtaalamu wa viungo, binti wa makamo ya mjukuu wake. Jambo la kwanza alilofanya ni kuutoa ule mto chini ya goti. Alisema kwamba goti likizoea kulala limepinda, baadaye hukataa kunyooka. Akauweka chini ya kifundo cha mguu, ili mguu uinuke na goti linyooke.

Kisha alikaa kitako akaeleza. Watu wengi hudhani kwamba goti zima hung'olewa na kutupwa. Sivyo. Daktari huondoa tabaka lililolika kwenye ncha za mifupa ya paja na muundi, akazivika chuma, na katikati akatia plastiki ngumu ili mifupa isisagane. Yale maumivu ya zamani ya mfupa kusaga mfupa hupungua sana au kwisha. Yanayobaki ni maumivu ya jeraha na uvimbe. Hayo huwa makali katika siku za mwanzo, huendelea kusumbua kwa wiki kadhaa, hasa usiku, na uvimbe unaweza kudumu kwa miezi. Wengine huchukua mwaka mzima kabla ya kulisahau goti lao.

"Sasa, Bibi," alimwuliza mama, "kutoka sufuri hadi kumi, unaumwa kiasi gani ukilikunja?"

Mama alitazama dari. "Nane," alisema polepole. Mimi niliyeambiwa "siumwi" nilitazama chini.

Hapo ndipo tulipopata somo ambalo ningependa kila familia yenye mzee ilipate. Shabaha ya dawa si kufikia sufuri, bali ni kuyashusha maumivu hadi mgonjwa aweze kulala na kufanya mazoezi. Kwa hiyo katika siku za mwanzo dawa hunywewa kwa saa zake kama daktari alivyoandika, na ile ya mchana humezwa kiasi cha nusu saa hadi saa moja kabla ya mazoezi. Anayengoja hadi azidiwe huhitaji dawa zaidi, nayo humchelewa.

Hofu ya mama kuhusu figo haikuwa ya bure. Baadhi ya dawa za kupunguza uvimbe zinaweza kuumiza tumbo na figo, hasa za wazee na wenye shinikizo la damu, na ndiyo maana haifai kujinunulia dukani dawa ambazo daktari hakuandika. Hata parasetamoli ina kipimo chake, nayo imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua, kwa hiyo mtu anaweza kuizidisha bila kujua. Zile dawa kali za jamii ya afyuni huleta usingizi na kufunga choo, hivyo hutumiwa kwa muda mfupi na kupunguzwa kadiri nafuu inavyokuja. Mama alipoelezwa hayo kwa heshima, alizimeza. Kumbe siku zote hakuwa mkaidi. Hakuna aliyekuwa amemjibu swali lake.

Mji wenyewe ulitusaidia. Barafu tuliipata kwa wauza samaki karibu na Bandari ya Kale. Tuliiponda, tukaitia katika mfuko wa mpira, tukaizungusha kitambaa na kuiweka gotini kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Jirani mmoja, kwa mapenzi yake, alileta mafuta ya nazi yenye karafuu ili amchue mguu. Mtaalamu alimshukuru lakini akakataa, kwa sababu baada ya upasuaji wa namna hii damu inaweza kuganda katika mishipa ya mguu, na haifai kuuchua. Alitwambia kwamba muundi ukivimba na kuuma kwa namna mpya, tumpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Akishikwa na kifua au kukosa pumzi, twende saa hiyo hiyo. Vilevile tusingoje endapo angepata homa, au kidonda kiwe chekundu au kitoe usaha.

Kisha safari zikaanza. Siku ya kwanza ilikuwa ni kutoka kitandani hadi mlangoni, kwa fremu ya kutembelea. Siku ya tatu alifika baraza yetu, akapumzika huku wapita njia wakimpa pole. Ndipo nilipoielewa hekima ya wajenzi wa mji huu, kwani mtaani kwetu baraza hazipiti hatua nyingi kabla hujaipata nyingine, na mgonjwa hakosi pa kukaa. Tukawa tunahesabu baraza badala ya mita. Wiki ya tatu aliiacha fremu akashika mkongojo, upande wa mguu mzima, si upande wa goti jipya kama nilivyodhani. Wiki ya nne tulifika Msikiti wa Mandhry, ambao inasemekana ulijengwa mnamo 1570, tukasimama kuutazama mnara wake mweupe. Siku alipojitia ushujaa akaenda mara mbili, goti lilivimba na usiku ukawa mrefu. Bandu bandu huisha gogo, lakini si kwa siku moja.

Jioni ya wiki ya sita tuliifikia Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mama aliketi, akaukunjua mguu, akazitazama kuta.

"Unakumbuka walivyoshindwa hawa?" aliniuliza.

Nilikumbuka somo la shule. Walizingirwa na Waomani tangu Machi 1696, na ngome ikatekwa Desemba 1698. Merikebu za mwisho za kuwaokoa zilitokea siku chache baadaye, zikaiona bendera ya Oman, zikaondoka.

"Msaada uliochelewa," alisema mama, akacheka. "Kama tembe zangu."

Usiku huo aliikabili ngazi. Mguu mzima hutangulia wakati wa kupanda, na wenye goti jipya hutangulia wakati wa kushuka. Mimi nilikuwa kipandio kimoja nyuma yake. Cha nane alisimama, jasho likimtoka. Nilitaka kumwuliza kama anaumwa, lakini nilikuwa nimekwisha kujifunza.

"Ngapi, Mama?"

"Nne," alijibu. "Niache nipumue, kisha twende."

Wiki iliyofuata nilirudi Nairobi peke yangu. Goti bado humwuma usiku wa baadhi ya siku, na husali akiwa amekaa kitini, lakini hulala orofani kwake. Wewe msomaji uliye na mzazi anayeuguza goti, usitosheke na jibu la "siumwi". Mwulize ni ngapi, akiwa amelala na akiwa anatembea, kisha umwulize ni nini anachokiogopa katika dawa zake.