Masazo ya Ziwa

Sisi wa Kalemie tulijifunza kazi moja kwa mama zetu kabla ya kujua kusoma: kuokota kando ya Tanganyika. Kazi hiyo haina mshahara wala bwana, lakini imelisha nyumba nyingi.

Usiku wa giza wavuvi hukesha ziwani na taa zao, maana ndagala hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu nyavu hupumzika, na njaa huamka. Kukipambazuka mitumbwi hurudi, watu hupakua kwa beseni, na ndagala wachache huanguka mchangani. Hao ndio wetu. Mtoto hupata konzi moja, bibi mzee kikombe kimoja. Wakitiwa katika sombe, bukari hushuka vema kooni. Lakini waoshwe kwa maji safi na kupikwa sana, kwa maana kipindupindu nacho hukaa ufukoni.

Baada ya mvua kubwa, mito huleta miti, mawimbi huitupa nchi kavu, nasi tunapata kuni. Bidoni lililopasuka hukatwa kuwa chombo cha kutekea; kipande cha wavu huzuia kuku wasile mboga.

Basi, je, kila kitu kilichotupwa na ziwa ni cha mwokotaji? Swali hilo lilitufikia mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za watu. Tuliona milango na viti vikielea. Kuni zilikuwa haba, na mlango wa mbao ngumu ukipasuliwa hupika chakula cha siku nyingi. Wengine walipasua. Sisi tuliutambua mlango mmoja kwa rangi yake, tukampelekea mjane aliye mwenyewe. Hakuwa tena na ukuta wa kuutia. Akaulaza juu ya matofali, ukawa kitanda cha watoto wake. Kama tungaliuchoma, wangalilala majini.

Sheria ya Musa ilimkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni. Masazo yalikuwa haki ya maskini na mgeni. Ruthu, mjane, alikula kwa haki hiyo, bila kuiba.

Kwa hiyo, ninyi wenye mitumbwi, msimfukuze mama aliyeinama mchangani. Nasi waokotaji, mkono wetu usiingie katika beseni. Na kitu cho chote chenye mwenyewe, tumrudishie, hata kama nyumba yake imekwisha kuanguka.